Kutoka na Watoto Kabla Joto Halijafika: Mwongozo wa Majira ya Kuchipua Heidelberg na Bergstraße

Familia nyingi zetu zilizohamia Ujerumani hukaa ndani hadi mwisho wa Aprili zikingoja joto, na kufikia wakati huo milozi imekwisha kupukutisha maua, watoto wa majirani wamekwisha kuandamana na fimbo zao za riboni, na korongo wamekwisha kutaga. Sisi wenyewe tulifanya hivyo miaka miwili ya kwanza. Mwongozo huu unahusu Heidelberg na ukanda wa Bergstraße, ulio chini ya milima ya Odenwald, ambako milima hiyo hukinga upepo wa mashariki na miti huchanua mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Anayekaa Hamburg au Dresden itambidi asogeze mbele tarehe za maua ninazozitaja, ila tarehe za Pasaka ni zile zile.

Jambo la kwanza ni kuipata tarehe ya Pasaka na kuhesabu kurudi nyuma. Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo nasi tuliozoea kuuandama mwezi hatushangai kuiona ikihama kila mwaka. Mwaka 2026 ni Aprili 5, na mwaka 2027 ni Machi 28. Jumapili ya tatu kabla yake, ambayo Wakatoliki wanaijua kuwa Dominika ya nne ya Kwaresima na Wajerumani huiita Laetare, ndiyo siku ya maandamano ya watoto. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa. Na usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kutoka saa nane usiku hadi saa tisa. Mwaka 2027 badiliko hilo linaangukia asubuhi ile ile ya Pasaka, kwa hiyo mwenye watoto wadogo ajue mapema kwamba usingizi wao utapungua saa moja siku ambayo kila mtu anataka kuamka alfajiri kutafuta mayai. Ziandike tarehe hizi katika kalenda ya jikoni mwezi wa Januari.

Kuhusu mavazi, kanuni ya hapa ni nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine, wala si koti moja zito. Asubuhi ya Machi inaweza kuwa na jalidi, saa saba mchana mtoto akabaki na fulana, na saa tisa mvua ya mawe ikanyesha. Mtoto anayetembea avae gambuti na ile suruali ya mpira inayoitwa Matschhose, ambayo chekechea huidai pia, na ambayo hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba ya watoto yanayofanyika Februari na Machi kwenye kumbi za mitaa. Mtoto mchanga mbebe kifuani au mgongoni kwa kanga, kisha koti lako lipite juu yenu nyote wawili. Kigari huzama katika tope la njia za msituni. Chupa ya chai ya tangawizi, maandazi na soksi za akiba vitakutosha.

Safari ya kwanza iwe ya milozi. Kwa kawaida huchanua kati ya mwanzo na mwisho wa Machi, nayo hudumu wiki mbili hivi, na pungufu upepo ukivuma. Tramu nambari 5 inazunguka Mannheim, Heidelberg na Weinheim ikipita chini ya vilima hivyo, na watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi nauli. Heidelberg kwenyewe, panda njia ya Philosophenweg iliyo ng'ambo ya mto Neckar. Upande huo unatazama kusini, hupata jua tangu asubuhi, na mji mzima pamoja na magofu ya ngome huonekana kutoka hapo. Njia fupi ya Schlangenweg inayopanda kutoka Daraja la Kale ina ngazi nyingi na ni nyembamba, kwa hiyo mwenye kigari aanzie upande wa mtaa wa Neuenheim. Huko Weinheim, bustani ya Hermannshof haina kiingilio, na watoto wanaweza kuona maua yaotayo kwa tunguu kama la kitunguu yakitoboa udongo wakati miti mikubwa bado haina jani hata moja. Ukipita Schriesheim mwanzoni mwa Machi utakuta Mathaisemarkt, gulio la tangu mwaka 1579, lenye bembea na maandamano. Divai hunywewa kwa wingi siku hizo, hivyo mimi hupeleka watoto mchana na kuwarudisha kabla ya magharibi.

Siku ya Laetare ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji maandalizi. Katika Heidelberg, Weinheim na miji mingine ya jirani watoto huandamana barabarani kuyafukuza majira ya baridi. Katikati yao hutembea pia watu waliojificha ndani ya miundo mikubwa yenye umbo la pia, mingine imefunikwa nyasi kavu kuwakilisha baridi na mingine majani mabichi kuwakilisha kiangazi. Mwishoni sanamu ya mtu wa theluji huchomwa moto, na watoto hushangilia kwa sauti ambayo huisikii katika nchi hii siku nyingine yoyote. Kila mtoto hubeba fimbo iitwayo Sommertagsstecken. Unaweza kuinunua, ila ukiitengeneza nyumbani mtoto wako ataingia katika maandamano akiwa na chake.

Tafuta fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja hivi. Izungushie kwa mshazari karatasi laini ya mikunjo ya rangi mbili, ukianzia chini na kupanda, na kila mzunguko ufunike ukingo wa ule uliotangulia. Kisha chukua yai, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, litoboe kwa sindano nene juu na chini, na tundu la chini ulipanue kidogo. Ingiza sindano ndani na uipasue ngozi ya kiini, kwani usipofanya hivyo utapuliza hadi masikio yaume na hakuna kitakachotoka. Puliza taratibu kwenye tundu la juu huku bakuli likiwa chini. Ute utatoka kwanza kama uzi, kisha kiini kitafuata kwa mkupuo. Suuza ganda ndani, liache likauke usiku kucha, lipake rangi, na ulipitishe kwenye ncha ya fimbo. Juu yake funga kijitawi kibichi, riboni ndefu za karatasi, na mkate wa Brezel ambao waoka mikate wa hapa huutengeneza kwa ajili ya siku hiyo. Mayai yaliyotoka bakulini yakaangwe siku ile ile hadi yaive kabisa. Fikeni nusu saa kabla, simameni karibu na vikundi vya chekechea, na msione haya kujiunga. Mwaka 2026 siku hiyo inaangukia Machi 15, ndani ya Ramadhani, na aliyefunga anaweza kuandamana kwa raha kwa sababu shughuli hufanyika mchana wakati hewa bado ni ya baridi.

Kuelekea mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, nendeni Schwetzingen. Katika bustani ya kasri lile mna jengo lenye minara miwili na kuba ambalo kila Mswahili hulisogelea kwa mshangao. Ni msikiti wa bustani, uliosanifiwa na Nicolas de Pigage kwa ajili ya mtawala Karl Theodor na kujengwa kuanzia mwaka 1779 hadi miaka ya 1790. Haukujengwa kwa ajili ya ibada. Ulikuwa pambo la bustani, ingawa kuta zake zina maandishi ya Kiarabu na Kijerumani yenye maneno ya hekima. Mzazi aliyesoma madrasa atafurahi kuyasoma pamoja na wanawe, na ataona kwamba mchongaji hakuijua lugha vizuri. Karibu na hapo kuna shamba la micheri ambayo kwa siku chache hugeuka waridi tupu. Nendeni siku ya kazi ikiwezekana, maana Jumapili watu hujaa. Kiingilio hulipwa, na kuvunja tawi hata dogo kwa ajili ya picha ni kosa.

Sasa nije kwenye Bärlauch, jani la porini lenye harufu ya kitunguu saumu, ambalo huota kwa wingi katika misitu yenye unyevu kuanzia Machi. Linafaa sana ndani ya chapati na katika mchuzi wa maharage. Sheria inaruhusu kuchuma kidogo kwa matumizi yako mwenyewe, kiasi cha fumba la mkono, isipokuwa ndani ya hifadhi ya mazingira, ambako usichume chochote. Hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu kila mwaka watu hudhurika kwa kulichanganya na mimea miwili yenye sumu, Maiglöckchen na Herbstzeitlose. Kila jani la Bärlauch hutoka ardhini likiwa na kikonyo chake lenyewe, na upande wake wa chini haung'ai. Maiglöckchen hutoa majani mawili au zaidi katika shina moja, na upande wa chini unang'aa. Herbstzeitlose, ambayo inaweza kuua, ina majani magumu yasiyo na kikonyo yanayotoka pamoja kama kifungu. Usitegemee kunusa, maana baada ya jani la kwanza vidole vyako vitanukia kitunguu hata ukishika jiwe. Chuma jani moja moja, kamwe usikate kifungu kizima kwa kisu, na nyumbani yakague tena yote chini ya taa. Mtu akipata kichefuchefu baada ya kula, piga simu kituo cha sumu cha Freiburg, 0761 19240, au 112, nambari ya dharura, hali ikiwa mbaya.

Wakati huo kupe wameanza kuamka. Karibu jimbo lote la Baden-Württemberg limo katika eneo la hatari ya FSME, ugonjwa wa ubongo uenezwao na kupe, usio na dawa lakini wenye chanjo, kwa hiyo muulize daktari wa watoto wakati wa baridi, kabla msimu haujaanza. Kila mkitoka msituni, vueni nguo na kukagua nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye mstari wa nywele. Kupe mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, na ukiona duara jekundu linalopanuka wiki chache baadaye, nenda kwa daktari.

Pasaka yenyewe huhitaji kwanza akili ya sokoni. Maduka hufungwa Ijumaa Kuu, hufunguliwa Jumamosi, kisha hufungwa Jumapili na Jumatatu. Mwaka wetu wa kwanza tulipitisha Ijumaa Kuu kwa wali na chumvi. Tangu hapo mimi hununua kila kitu kabla ya Alhamisi Kuu. Ijumaa hiyo ni siku ya utulivu hata kisheria, muziki wa dansi hauruhusiwi kumbini, na pilau la ukoo lenye spika kubwa lisubiri.

Sungura wa Pasaka ana historia hapa hapa Heidelberg, kwani mwaka 1682 tabibu Georg Franck von Franckenau aliandika juu ya desturi ya watu wa eneo hili ya kuwaambia watoto kwamba sungura huficha mayai nyasini na vichakani, akaonya pia dhidi ya kula mayai kupita kiasi. Kila nyumba iamue kwa imani yake kama itashiriki. Kwetu ni mchezo wa watoto na majirani, na jirani mzee wa ghorofa ya chini ndiye huwaficha wanetu mayai. Kwa rangi, chemsha makonzi mawili makubwa ya maganda ya vitunguu maji kwa nusu saa, chuja, kisha pika humo mayai meupe kwa dakika kumi. Ukibandika jani la kotimiri juu ya ganda na kulibana kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike, alama yake itabaki nyeupe juu ya wekundu wa matofali. Hesabu mayai kabla ya kuyaficha na uandike yalipo. Yale matupu yaliyopulizwa huning'inizwa kwenye matawi ndani ya chombo cha maua, na baada ya Pasaka hurudishwa katika trei yake ya karatasi, kila moja likiwa na jina la mtoto na mwaka kwa penseli, na trei huwekwa juu ya kabati.