Trekta dogo, bledi na tope la masika: ya kutazama kabla ya kuwasha

Masika ya Tanga huwa Machi hadi Mei, na mvua moja kubwa inatosha kuijaza njia ya shamba tope na mchanga ulioteremka kutoka juu. Mwenye trekta dogo la bustani lenye bledi mbele, yaani bamba la chuma la kusukumia udongo, anaweza kuisafisha mwenyewe bila kukodi greda, ila ajiandae mvua haijaanza.

La kwanza ni uzito wa nyuma. Matrekta haya ni mepesi; bledi ikishapata mzigo, magurudumu ya nyuma huzunguka palepale na kujichimbia. Lizungushe tairi la nyuma valvu iwe juu kabisa, kisha tia maji mpaka usawa wa valvu, kama asilimia 75 ya tairi. Huku pwani maji ya kisima yanatosha. Kwenye nchi za theluji, ambako bledi hizi ndiko zinakofanya kazi kubwa, maji matupu huganda, kwa hiyo wengi hutia kloridi ya kalsiamu, nayo hula rimu. Maji yasipotosha, funga mifuko ya mchanga nyuma, lakini usizidishe uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha trekta.

Ipite njia kwa miguu ingali wazi. Bomba la plastiki lililofukiwa juujuu, kisiki cha mnazi, jiwe la matumbawe lililochomoza: vyote tope litavificha. Chomeka kando ya kila kimoja mti mrefu wenye kitambaa chekundu.

Kwenye bledi yenyewe, tazama springi zinazoiruhusu ilale inapogonga kitu kigumu. Anayezifunga kwa waya ili "isisumbue" anatafuta kupasua fremu, kama si meno yake mwenyewe. Kwenye njia ya changarawe, shusha vile viatu vya chini, vipande vya chuma vinavyoibeba bledi isiguse ardhi, ili ielee sentimita 2 au 3, la sivyo utaikwangua changarawe uliyoinunua kwa pesa. Grisi, oili, bolti na breki, hayo unayajua.

Amua pia mapema tope litakwenda wapi. Liwe upande wa bondeni, lisizibe mtaro wala mlango wa jirani. Siku ya kwanza lisukume mbali kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu mvua ya pili italeta jingine, na tuta la juzi likishapigwa jua trekta dogo halilitikisi.