Jinsi ya Kuandika Tamthilia ya Watengeneza Filamu wa London, 1940

Usianze na bomu. Skripti yangu ya kwanza ilifunguka kwa ving'ora na nyumba zinazoporomoka, kurasa kumi na mbili nzima, na hakuna mhusika aliyetaka chochote zaidi ya kunusurika. Nilizichana. Anza mezani: mwandishi, taipureta, na ofisa anayekata mstari kwa penseli.

Huyo ofisa mpe ofisi yake halisi. Wizara ya Habari ya Uingereza ilikaa Senate House, mtaa wa Bloomsbury, na idara yake ya filamu ilipeleka bure kwenye majumba ya sinema filamu za dakika tano. Dakika tano! Mchezo wako umo humo. Ofisa anataka watazamaji watoke na moyo. Mwandishi anajua kuwa jana usiku watazamaji haohao walilala handakini, na uongo watauona mara moja. Wagombanishe kwa neno moja tu, tuseme "hofu": libaki au lifutwe? Kila mmoja mpe hoja nzito. Ukimfanya ofisa mjinga, umeua tamthilia, maana alikuwa na sababu zake: Ufaransa ilikwisha kuanguka mwezi Juni, na Marekani ilikuwa bado nje ya vita.

Mimi ningemfanya mwandishi awe mwanamke. Diana Morgan aliandika filamu pale Ealing Studios, studio ya filamu ya London, miaka ya vita, na si kila kazi yake iliyobeba jina lake. Jambo hilo linaniuma, na nadhani litamuuma mtazamaji wako pia.

Waigizaji je? Humphrey Jennings alipotengeneza filamu ya wazima moto wa London, iliyotoka 1943, aliwatumia wazima moto wenyewe. Hebu andika tukio la mtu wa namna hiyo akiambiwa "rudia," wakati kitendo anachorudia kilimpotezea mwenzake. Mwache anyamaze. Usimwandikie hotuba.

Mabomu yaje sasa. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, London ilipigwa na ndege za Ujerumani usiku 57 mfululizo, lakini wewe yaweke nje ya ukuta, yasikike tu.

Tukio la mwisho liwe ndani ya sinema. Shambulio lilipoanza, tangazo lilitokea: anayetaka kuondoka aondoke, filamu inaendelea. Ielekeze kamera kwa watazamaji. Mwanamke mmoja anavaa koti, anasimama, anatazama tena skrini, anakaa.