Amplifaya ya bei nafuu: irudishe geini kwanza

Ukienda kujaribu amplifaya ya gitaa yenye geini kubwa (kiwango cha kukuza sauti ya gitaa hadi ikwaruze), usianze na mbwembwe. Geini ikifunguliwa hadi mwisho huficha mengi. Hata kopo litanguruma kama radi. Irudishe nusu, kisha piga noti tatu kwa pamoja, taratibu. Kila noti ikisikika peke yake, endelea. Zikigeuka uji, hata uchezee besi na trebo mpaka kesho huokoi kitu. Halafu ziba nyuzi ghafla kwa kiganja: sauti ikatike papo hapo. Mvumo kidogo ni kawaida (na pikapu za koili moja, yaani vinasa sauti vya gitaa vyenye koili moja, huvuma zenyewe, usiisingizie amplifaya).

Wati zisikutishe. Kutoka 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu. Spika ndiyo hubadilisha mambo, na mara nyingi ndipo mtengenezaji alipobana matumizi. Amplifaya ikiwa na tundu la spika ya nje, omba uichomeke kwenye kabati nzuri ya spika, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za amplifaya na za spika zikiwa zinakubaliana. Mimi niliwahi kuikataa moja asubuhi, jioni nikainunua kwa sababu hiyo tu.

Midi (sauti za kati, baina ya besi na trebo) nazo usizikate zote. Chumbani zinapendeza hivyo. Ngoma na besi zikiingia, husikiki kabisa.