Gari la tabo: tengeneza futi 60 za kwanza kabla ya kuongeza busti

Wenye magari ya mbio za robo maili yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), yanayochelewa kuondoka, huniomba kitu kimoja: niongeze busti, yaani mgandamizo wa hewa hiyo. Mimi kwanza naomba karatasi ya muda inayotolewa baada ya mbio, na macho yangu yanakwenda kwenye futi 60 za mwanzo, yaani mita 18 na kidogo. Ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale, mwisho wa robo maili mara nyingi utakuta umeokoa karibu sehemu mbili za kumi. Na muda huo haudai tabo kubwa zaidi.

Anza na matairi. Pima upepo kila mara yakiwa na joto lile lile, na ukibadilisha, badilisha nusu PSI (kipimo cha mgandamizo) tu. Kisha chora mstari mweupe unaotoka kwenye rimu na kuendelea ubavuni mwa tairi. Gari likirudi, chuchumaa uutazame. Ukiwa umekatika vipande viwili vilivyoachana, tairi limezunguka juu ya rimu yake, na hapo hata ukirekebisha kompyuta ya injini usiku kucha hutapata kitu. Ongeza upepo au funga skrubu za kushikilia tairi. Tazama pia alama zilizobaki chini pale ulipoondokea. Kingo zikiwa nyeusi na katikati pamepauka, upepo ni mdogo. Katikati pakikolea peke yake, umezidi.

Kuchoma tairi, yaani kulizungusha papo hapo kabla ya mbio, ni kwa ajili ya kulisafisha na kulipasha joto. Moshi ukianza kutoka sawasawa, inatosha. Sliki (tairi la mbio lisilo na michoro) husamehe kidogo likiteleza, lakini radiali (tairi lenye ubavu mgumu zaidi) likishaanza kuzunguka bure ni nadra lishike tena, kwa hiyo mwenye radiali asilipige kwa busti nyingi mstarini.

Sasa busti yenyewe. Tabo huzungushwa na moshi wa eksozi, na injini isiyo na mzigo haitoi moshi wa kutosha. Kwenye gia za mkono, kompyuta hukata cheche kwenye raundi (mizunguko ya injini kwa dakika) ulizopanga klachi ikiwa chini, na kuichelewesha cheche ili moto umalizikie kwenye eksozi. Busti hupanda gari likiwa limesimama. Usikae hapo zaidi ya sekunde mbili tatu, maana joto hilo hula valvu za eksozi na tabo yenyewe. Kwenye otomatiki kazi hiyo hufanywa na transibreki (breki ya ndani ya giaboksi inayolizuia gari lisiondoke) pamoja na toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na hapo kinachochemka upesi ni oili ya giaboksi.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui kuhusu magari yao ni hili: tangu ukanyage mafuta hadi busti ifike unapoitaka, inachukua muda gani? Lisome kwenye rekodi ya kompyuta. Kama ni sekunde mbili, sogea hadi taa ya kwanza ya mstari wa kuanzia iwake, tulia, na uingie ya pili ukijua muda wako, kwa sababu mwenzako akishajipanga taa hazitakungoja.

Kiwango cha kuondokea nacho ni kile ambacho tairi linakibeba. Tuseme linashika kwa PSI 6: ondoka na 6, halafu iache kompyuta ipandishe kadiri gari linavyokwenda. Linganisha mwendo wa magurudumu yanayosukuma na wa yale yasiyosukuma. Yakiachana papo hapo, busti ya mwanzo ni nyingi au tairi halijashika. Yakiachana baada ya mita chache, busti inapanda kwa pupa, au shokapu za mbele zinashusha pua mapema na uzito unaondoka kwenye magurudumu ya nyuma. Raundi zikizama na gari likajivuta bila tairi kuteleza, hiyo ni kesi nyingine: pandisha raundi za kuondokea, au achia klachi polepole kidogo.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma liruhusu pua inyanyuke. La magurudumu ya mbele linataka kinyume chake, springi ngumu nyuma ili lisikalie mkia.

Badilisha kitu kimoja kwa kila mbio, uandike. Njia ikizidi joto mchana na gari likaanza kuteleza, punguza PSI 1 ya mwanzo tu, na mpango wa kupandisha huko mbele uuache ulivyo.