Laptopu mpya: programu zipi za kiwandani ubaki nazo, zipi uzitoe

Laptopu mpya ukiitoa kwenye boksi haiji na Windows peke yake. Humo ndani kuna programu za kampuni iliyoiunda, kuna za waliolipia ili wawekwe humo, na kuna za watengenezaji wa vipuri kama Intel na Realtek. Wateja wanaoniletea mashine mpya ni wa aina mbili. Kuna asiyegusa chochote, miezi sita baadaye analalamika mashine nzito na bando linaisha halijui lilikokwenda. Na kuna anayesema, "Fundi, nipigie Windows upya, nataka safi." Huyu wa pili mara nyingi ndiye anayepoteza zaidi, kwa sababu anafuta hata vitu alivyovilipia.

Mimi huichukua programu moja moja na kuiuliza swali moja: kuna kifaa gani ndani ya mashine hii kinachokutegemea wewe? Kama kipo, inabaki. Kama kazi yake ni kuniuzia kitu, inatoka. Mwongozo huu ni wa Windows 11, ndiyo inayokuja na mashine mpya za sasa.

Hatua ya 1: Jiwekee njia ya kurudi

Fanya kazi hii siku ile ile ya kwanza, kabla hujaweka picha, vitabu vya hesabu wala faili zozote za kazi. Ukikosea, hakuna kinachopotea.

Tafuta fleshi ya GB 32 isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika Recovery Drive, weka tiki kwenye kipengele cha kunakili faili za mfumo, kisha iache ifanye kazi. Inachukua muda mrefu, nenda kapike. Ukimaliza, andika Create a restore point, washa ulinzi wa diski C kama umezimwa, utengeneze pointi ya kurudia.

La tatu watu wengi hulipita: ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa usimbaji zenyewe mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wake ni tarakimu 48, na siku BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ikisasishwa, mashine inaweza kuudai kabla ya kuwaka. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uandike kwenye daftari. Karatasi, si faili ndani ya laptopu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Pata orodha kamili

Ukurasa wa Settings, sehemu ya Apps, halafu Installed apps, utakuonyesha karibu zote. Lakini mimi napenda kuwa na orodha ninayoweza kuihifadhi. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, andika hivi:

winget list > orodha.txt

Faili hiyo itakaa kwenye folda ya jina lako. Ifungue, usome mstari kwa mstari, na kila jina usilolijua litafute kabla ya kuligusa.

Hatua ya 3: Programu kuu ya kampuni, ibaki

Kila kampuni ina moja. Lenovo ni Vantage, ASUS ni MyASUS, Dell ni SupportAssist, HP ni HP Support Assistant, Acer ni Care Center au AcerSense kwenye mashine mpya zaidi. Hii ndiyo watu huifuta ya kwanza kwa sababu ina matangazo na inapenda kujitokeza. Mimi nakuomba uiache, na sababu yangu kubwa kwenye Lenovo, ASUS na Acer ni betri.

Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa zimejaa asilimia 100 muda wote, na joto huongeza uchakavu. Fikiria laptopu ya dukani Dar es Salaam, iko kwenye chaja kutwa, feni ya dari inasukuma hewa ya moto. Windows yenyewe kwenye mashine nyingi haikupi swichi ya kusimamisha chaji katikati. Swichi hiyo inaongozwa na programu ya kampuni. Kwenye Vantage ya laptopu za Lenovo IdeaPad inaitwa Conservation Mode, nayo kwa mashine nyingi za sasa huisimamisha betri kwenye asilimia 75 hadi 80. MyASUS huisimamisha kwenye 80, na kwenye baadhi ya modeli inakupa kuchagua 60, 80 au 100. Acer inasimama kwenye 80. Kwa Dell na HP, kwenye modeli nyingi za ofisini mpangilio kama huo upo ndani ya BIOS yenyewe, kwa hiyo hata Windows ikipigwa upya haupotei.

Ukiiwasha, mwambie kila anayeitumia mashine hiyo. Niliwahi kumwashia mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Kesho yake asubuhi akanipigia: "Mwanangu, chaja yangu mpya imekufa? Tangu jana imegoma themanini." Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya chaja nyingine. Nikamwelekeza kwa simu afungue programu, aone swichi ilipo, na nikamwambia siku anayokwenda kufuata mzigo Kariakoo aizime usiku ili betri ijae. Sasa anaiwasha na kuizima mwenyewe.

Sababu ya pili ya kuibakiza ni BIOS. Windows Update huleta masasisho mengi ya draiva (programu zinazoendesha vifaa vya ndani), ila la BIOS kwa mashine fulani mara nyingi hulipata kwanza kupitia programu ya kampuni. Ukisasisha BIOS, chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati, betri ndiyo itakayokuokoa.

Baada ya kuiacha, ifunge mdomo. Ingia kwenye mipangilio yake, zima arifa za ofa na masoko, zima kutuma taarifa za matumizi, na masasisho uyaweke yasubiri ruhusa yako. Hili la mwisho ni la bando. Ukitumia hotspoti ya simu, weka pia alama ya Metered connection kwenye mtandao huo. Windows itajizuia kupakua mengi, lakini programu za kampuni haziiheshimu alama hiyo kila mara, ndiyo maana nazizima kwa mkono.

Hatua ya 4: Majina yasiyovutia ndiyo ya kuogopa

Hapa ndipo nimeona laptopu mpya nyingi zikiharibiwa na watu wenye nia njema. Programu ya mchezo ina picha nzuri na jina tamu. Ile inayofanya vitufe vifanye kazi ina jina kama la barua ya ofisi: HP System Event Utility, Lenovo Hotkeys, ASUS System Control Interface. Mtu anaona hajui ni nini, anaitoa.

Mwanzoni mwa kazi hii niliitoa mojawapo ya namna hiyo kwenye laptopu ya mwanafunzi. Kila kitu kilionekana sawa. Baada ya wiki akarudi: kitufe cha kuzima mtandao hakiitiki, na alama ya mwanga wa kioo haitokei tena akibonyeza. Nilikagua kibodi, nikakagua draiva, nikapoteza nusu siku, hadi nilipofungua orodha ya vitu nilivyoviondoa. Nikairudisha kutoka ukurasa wa kampuni kwa namba ya modeli yake, vitufe vikaamka hapo hapo. Tangu siku hiyo siondoi kitu bila kuhifadhi ile orodha ya winget.

Kwa hiyo hizi usiziguse: chochote cha Intel au AMD kinachotaja Management Engine, Chipset, Graphics au Dynamic Tuning, Realtek Audio Console, Dolby au Waves MaxxAudio, na programu za tachipedi. Ukiondoa ile ya sauti, spika ndogo za laptopu hulia kama redio ndani ya kopo, na wakati mwingine ukichomeka hedifoni mashine haizitambui.

Intel Rapid Storage nayo iheshimu sana. Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11, diski hupita chini ya mpangilio uitwao VMD. Ndiyo maana fundi akija na fleshi yake ya Windows kupiga upya, kisakinishi kinaweza kusema hakuna diski kabisa. Diski ipo na ni nzima, kinachokosekana ni draiva.

Hatua ya 5: Antivairasi ya majaribio

McAfee na Norton huja zikiwa za siku chache za bure, mara nyingi 30. Kama hukusudii kulipia, itoe leo, usingoje imalizike. Ikiwepo, Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, hukaa pembeni, na ya majaribio ikiisha unabaki na madirisha ya kukutisha kila ukiwasha mashine.

Iondoe kwenye Installed apps, kisha zima na uwashe upya. Hapo fungua Windows Security, sehemu ya Virus & threat protection, uhakikishe Defender imewaka na imesasishwa. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya kuliona hilo kwa macho yako. Ikiwa mabaki ya McAfee yanang'ang'ania, kampuni yenyewe ina zana ya kuyaondoa iitwayo MCPR. Ichukue kwenye tovuti yao tu. Na usiweke antivairasi ya pili iliyovunjwa kufuli uliyopewa na rafiki. Hiyo ni mbaya kuliko kukaa bila kitu.

Hatua ya 6: Zinazotoka bila mjadala

Michezo ya WildTangent, njia za mkato za Booking.com, ofa za Dropbox, VPN za majaribio, programu za kununua vitu mtandaoni. Toa zote. Zile zinazotoka Microsoft Store zinaweza kurudishwa bure ukizihitaji, kwa hiyo huna cha kuogopa.

Office ichunguze kidogo. Kwenye mashine nyingi ni ya majaribio, lakini nyingine zimeuzwa na leseni yake ndani ya bei. Soma kibandiko cha boksi na risiti kabla ya kuifuta.

ASUS za michezo zina Armoury Crate, ambayo huongoza feni na taa. Kama umeamua kuitoa na inakuja tena kuomba isakinishwe, si virusi. BIOS ndiyo inayoiita. Ingia BIOS, tafuta jina hilo, zima.

Kwa nini nasisitiza zibaki chache

Programu hizi hufanya kazi kwa mamlaka makubwa ndani ya Windows, na historia yake ina makovu. Laptopu kadhaa za Lenovo zilizouzwa kuanzia Septemba 2014 zilikuja na Superfish, programu ya kupachika matangazo kwenye kurasa za wavuti. Ili iweze kuingia hata kwenye kurasa zilizolindwa, iliweka cheti chake ndani ya Windows, na ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Aliyeupata angeweza kukaa Wi-Fi moja na wewe, akajifanya benki yako, na kivinjari kisilalamike. Jambo lilifichuka Februari 2015 na Lenovo ikatoa zana ya kuiondoa. Mwaka 2019 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, ikaeleza jinsi wadukuzi walivyoingia kwenye seva za masasisho za ASUS na kusambaza sasisho bovu lenye saini halali ya kampuni. Mwaka huo huo Dell ililazimika kuziba tundu kubwa kwenye SupportAssist.

Kwa hiyo hata ile unayoibakiza, isasishe. Ikikaa miaka miwili bila kusasishwa, inakuwa mlango ulioachwa wazi nyuma ya nyumba.

Hatua ya 7: Zima, usifute, zile zilizo katikati

Kuna programu ambazo sitaki ziwake kila asubuhi lakini huenda nikazihitaji. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Startup apps, uzime moja moja. Sizimi za sauti, za tachipedi wala za vitufe. Programu kuu ya kampuni inaweza kuzimwa hapa bila madhara kwenye mashine nyingi. Kikomo cha betri huendelea kushika. Lakini kihakikishe mwenyewe kwa kuacha chaja usiku mmoja.

Hatua ya 8: Kagua

Washa upya mara mbili. Halafu jaribu kila kitufe cha safu ya juu pamoja na Fn: sauti, mwanga, maikrofoni, kamera. Chomeka hedifoni, sikiliza. Funga mfuniko, ufungue, uone kama inaamka. Telezesha vidole viwili kwenye tachipedi. Fungua Device Manager, utazame kama kuna alama ya njano. Mwisho, kwenye Terminal andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti itakayotengenezwa, unakili namba mbili: uwezo wa betri wa kiwandani na uwezo wake wa leo.

Kama baada ya yote haya bado unataka kupiga Windows upya, weka toleo lile lile lililokuja nalo. Laptopu mpya iliyouzwa na Windows kwa kawaida ina leseni yake imeandikwa ndani ya BIOS, na Windows ya toleo hilo itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Ilikuja na Home, fundi akakuwekea Pro ya kuvunja kufuli, umeiacha leseni uliyoilipia na kuchukua ya wizi.

Namba za betri ziandike kwenye daftari lile lile lenye ufunguo wa BitLocker, na orodha.txt uihamishie kwenye simu au kwenye barua pepe yako. Baada ya mwaka, endesha tena powercfg na ulinganishe.