Kabla ya Kusia Mchicha Bondeni: Ushauri kwa Wakulima wa Mboga Jirani na Viwanda vya Dar es Salaam

Mchicha uliostawi kando ya Mto Msimbazi, wenye majani mapana na rangi ya kijani iliyokolea, hauthibitishi kwamba udongo wake ni salama. Mara nyingi ustawi huo unatokana na naitrojeni iliyomo katika majitaka, na mmea huo huo unaweza kubeba metali nzito zenye sumu, kama risasi na kadimiamu, bila kuonyesha dalili yoyote ambayo mkulima, mchuuzi au mlaji angeitambua kwa macho.

Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Katikati ya safari hiyo mto na vijito vyake hupita penye viwanda, machinjio, gereji na makazi yenye watu wengi, na kila sehemu ina taka zake: rangi za nguo, chumvi za kromiamu za kutengenezea ngozi, risasi na tindikali kutoka katika betri chakavu, oili chafu ya jenereta na mitambo. Wakati wa kiangazi, ambapo mkulima humwagilia kwa wingi zaidi, kina cha mto hupungua na taka hizo hukosa maji ya kutosha ya kuzizimua. Masika yakifika, mafuriko husambaza tope lenye taka hizo juu ya matuta.

Ni muhimu kuelewa kwamba metali hizi hazina tabia moja. Kadimiamu hupanda kwa urahisi kutoka mizizini hadi kwenye majani, ilhali sehemu kubwa ya risasi hubaki kwenye mizizi, au hufika mezani ikiwa katika vumbi na tope lililonata juu ya mboga. Kwa hiyo kuosha vizuri kwa maji safi ya bomba hupunguza risasi, lakini hakuondoi kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani, na kuchemsha hakuiangamizi metali yoyote. Kadimiamu hujikusanya katika figo na huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua humo kwa nusu tu, na kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa ubongo wa mtoto. Ndiyo maana desturi ya kusuuza mafungu ya mchicha mtoni kabla ya kuyapeleka sokoni inapaswa kuachwa mara moja.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni wa maji. Usimwagilie kwa maji ya mtaro unaotoka kiwandani, hata kama leo yanaonekana meupe, kwa kuwa yanayotiririshwa asubuhi na yanayotiririshwa usiku yanaweza kuwa tofauti kabisa. Kisima kilichochimbwa mbali na mto ni bora zaidi, ila nacho kipimwe. Mwagilia kwenye shina badala ya kurusha maji juu ya majani, na tandaza nyasi kavu kwenye tuta ili matone yasirushe tope kwenye mboga.

Pale ambapo kuna mashaka kuhusu udongo, badilisha zao kwanza. Mboga za majani, yaani mchicha, matembele na spinachi, hukusanya metali zaidi kuliko mazao ya matunda kama bamia, nyanya chungu na biringanya. Ongeza mboji iliyoiva, na ikiwa vipimo vimeonyesha udongo una uchachu, weka chokaa ya kilimo hadi pH, yaani kipimo cha uchachu, ifike kati ya 6.5 na 7, kwani katika kiwango hicho mizizi hufyonza kadimiamu na risasi kwa shida zaidi. Udongo uliochafuka sana usilimwe chakula kabisa. Maua na miche ya miti ya kivuli vina soko zuri jijini. Majani ya hapo yasikatwe kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa.

Majivu nayo yanahitaji uangalifu. Ya kuni safi hufaa shambani, lakini yanayotoka katika tanuri au boila iliyochomewa matairi, oili chafu au mbao zenye rangi na dawa yanaweza kuwa na zinki, risasi au aseniki. Usiyapokee hata ukipewa bure.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu, na sheria hiyo hiyo inamtaka mchafuzi abebe gharama za uchafuzi wake. Si haki mkulima aondolewe bondeni huku bomba la taka likiachwa palepale. Ukiona maji yamebadilika rangi au harufu, andika tarehe, saa na mahali, piga picha, kisha upeleke taarifa kwa afisa mazingira wa manispaa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Ili kupima udongo, chota sampuli kutoka sehemu kumi hivi za shamba kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukitumia kifaa kisicho na kutu na ndoo ya plastiki. Changanya, anika kivulini, kisha funga takriban kilo moja pamoja na karatasi yenye jina la eneo na tarehe. Afisa ugani wa kata atakuelekeza maabara ya kuipeleka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara ya udongo. Taja waziwazi kwamba unataka kupimiwa risasi na kadimiamu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakizihusishi.