Gari la zamani likizima, sikiliza kwanza linavyokufa

Nina sedani ya mwaka 1971: silinda nne, kabureta moja, pointi (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa cheche) na kondensa yake kama ilivyotoka kiwandani. Niliachiwa na marehemu mjomba wangu. Kwa miezi minne lilikuwa likinizimia njiani, na katika miezi hiyo nilibadilisha pampu ya petroli, nikabadilisha koili (inayokuza umeme wa cheche), kabureta nikaifungua na kuiosha mara mbili. Likaendelea kuzima. Nilikuwa nimekimbilia spana kabla ya kuliuliza gari linaumwa wapi, na sitaki wewe upoteze muda kama nilioupoteza mimi.

Anza na namna linavyozima. Injini iliyokatikiwa umeme hunyamaza ghafla, kama vile mtu amezima swichi. Injini iliyokosa petroli hufa kwa shida: nguvu zinapungua, inashtukashtuka, inapiga chafya kwenye kabureta, ukiachia mafuta kidogo inafufuka, kisha inazima. Kama dashibodi yako ina geji ya mizunguko inayotumia umeme wa koili, itupie jicho gari likiwa bado linabingirika ndani ya gia. Mshale ukianguka hadi sifuri papo hapo, ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini, tatizo liko kwenye umeme. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, umeme upo, geukia petroli.

Halafu jiulize linazima wakati gani. Andika kwenye daftari, maana kumbukumbu hudanganya. Likizima asubuhi tu likiwa la baridi, tazama kwanza choki, kile kifaa kinachopunguza hewa ya kabureta wakati wa kuwasha injini ya baridi. Likizima kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, lakini barabarani linakwenda vizuri, aidha jeti ndogo ya sailensi (kitundu cha petroli) imeziba, au kuna hewa inayoingia kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) bila kupita kwenye kabureta. Hewa hiyo utaigundua kwa chupa ya kupulizia maji: injini ikiwa inaunguruma, puliza kidogo kwenye gasketi ya kabureta na ya manifoldi, mbali na nyaya za plagi. Mlio ukibadilika mahali fulani, hapo ndipo panapovuja. Likizima kwenye kona kali au ukishika breki ghafla, pima kiwango cha boya la kabureta.

Kuna dalili moja ambayo naomba usiipuuze hata siku moja: gari linalozima au kutetereka kila unapokanyaga pedali ya breki, hata likiwa limesimama. Huenda diaframu, yaani mpira wa ndani wa busta inayousaidia mguu kushika breki, imepasuka, na kila ukikanyaga, hewa inaingia kwenye injini. Gari likiwa limeegeshwa, ubane kwa koleo mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta. Injini ikitulia, jibu umelipata, na gari hilo lisitoke hapo mpaka breki zitengenezwe.

Linalosumbua watu zaidi ni lile linalokwenda vizuri nusu saa nzima, linazima, linapumzika, kisha linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Hapa ushahidi hupoa pamoja na injini, kwa hiyo dakika za kwanza ndizo za thamani. Litoe barabarani. Kumbuka kwamba injini ikishazima, busta ina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, na ufunguo usiuzungushe hadi pale usukani unapojifunga. Weka pembetatu ya tahadhari nyuma. Kisha, kabla hujafungua boneti, nenda kwenye tangi na ufungue kifuniko polepole, sikio likiwa karibu. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba: petroli ilikuwa inatoka bila hewa kuchukua nafasi yake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Watu wamebadilisha pampu nzima kwa sababu ya kitundu hicho kidogo.

Kama hakuna mluzi, fungua boneti, toa kifuniko cha chujio la hewa, umulike ndani ya kabureta kwa tochi huku ukivuta kwa mkono waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Kabureta nyingi zina pampu ndogo inayorusha petroli ukivuta hivyo. Ikiruka, bakuli la kabureta lina petroli. Rudisha kifuniko kabla ya kujaribu cheche, maana mvuke wa petroli na cheche havikai pamoja. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja wa plagi, uigandamize kwenye chuma kisafi cha injini kwa koleo lenye mpira, na mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Ya njano na nyembamba, au kutokuwepo kabisa, kunakupeleka kwenye koili, kondensa na pointi.

Ikiwa cheche ipo na bakuli ni kavu wakati wa joto, huenda petroli imechemka ndani ya bomba. Petroli huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi joto zisizofika hata 40, na pampu ya zamani haiwezi kusukuma mvuke. Weka kitambaa chenye maji kwenye pampu na bomba, usubiri kidogo. Likiwaka, sogeza bomba mbali na ekzosi.

Koili ipime ikiwa bado ya moto. Kati ya vichwa vyake viwili vidogo, koili ya volti 12 isiyo na rezista ya nje huwa na takriban omu 3. Ile yenye rezista, takriban 1.5. Ila kipimo kizuri hakithibitishi moja kwa moja kwamba koili ni nzima. Kufunga koili nyingine iliyo nzima hapo hapo njiani ndilo jaribio ninaloliamini.

Sasa la kwangu. Lilikuwa linakatika ghafla, mara nyingi nikiachia mafuta karibu na makutano. Siku moja nilikuwa na balbu ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili. Nikagusisha kwenye upande chanya wa koili: ikawaka. Upande hasi, huku stata inapigwa, ilipaswa kumeta kila pointi zinapofunguka na kufunga. Ikawaka tuli. Maana yake umeme ulifika kwenye koili ila haukuwa na njia ya kwenda kwenye pointi. Nikafungua kava ya distributa, kifaa kinachobeba pointi na kugawa cheche kwa plagi. Waya unaotoka nje kwenda kwenye pointi, mfupi kama kidole, ulikuwa mzima kwa macho, ala yake ya kitambaa haina hata mkwaruzo. Nilipoukunja kati ya vidole viwili ukakunjika sehemu moja kama uzi uliolowa. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Bamba la pointi huzungushwa kidogo na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na waya huo hujikunja nalo. Kwa miaka mingi nyuzi zake zilikatika mmoja mmoja. Bamba likirudi, ncha zinaachana. Zikitikisika, zinagusana tena, na gari linawaka.

Nilifunga waya mpya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, nikaweka pointi kwenye nafasi ya milimita 0.4 kama kitabu cha gari kinavyosema, na tangu hapo halijanizimia. Ukitaka kuujaribu wa kwako bila kutoka nyumbani, egesha nje penye hewa, uchomoe mpira mdogo wa vakyumu kwenye distributa na kuuziba, kisha funga kipande safi cha mpira mahali pake. Injini ikiwa inaunguruma, kivute kwa mdomo na kukiachia mara kadhaa. Ikizima bamba linapocheza, fungua kava na uushike waya huo kwa vidole.